Krimu ya kukinga jua: Kipimo na mpangilio ndio msingi wa kuulinda uso

WANAWAKE wengi wanaofanya kazi mijini huamini kwamba wamekwisha kuulinda uso dhidi ya jua pindi wanapojipaka faundesheni yenye maandishi ya SPF 15. Hutoka nyumbani asubuhi, wakaketi kando ya dirisha la matatu, wakatembea juani saa ya chakula cha mchana, kisha wakarejea jioni bila kuugusa tena uso isipokuwa kwa kuongeza poda.

Miezi kadhaa baadaye, madoa meusi huanza kujitokeza mashavuni na juu ya mdomo, na alama zilizoachwa na chunusi hukataa kufifia. Hapo ndipo baadhi yao hushawishika kununua krimu za kung'arisha ngozi, hatua ambayo mara nyingi hugeuza kasoro ndogo kuwa balaa kubwa.

Wataalamu wa ngozi husisitiza kuwa krimu ya kukinga jua, au sanskrini kama inavyoitwa madukani, hutimiza kilichoandikwa kwenye chupa kwa masharti matatu. Yapasa ipakwe kwa kiasi cha kutosha, ipewe nafasi yake katika mpangilio wa vipodozi, na irudiwe kadiri siku inavyosonga. Sharti moja likivunjwa, nambari iliyo kwenye chupa hubaki kuwa pambo tu.

Jua la nyanda za juu

Kenya imepitiwa na ikweta, na miji yake mingi imejengwa mahali pa juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, Nakuru zaidi ya mita 1,800 na Eldoret zaidi ya mita 2,000. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu apandapo mita 1,000.

Shirika hilo hupima nguvu ya miale hiyo kwa kipimo maalumu ambacho ngazi yake ya juu kabisa huanzia 11, na hushauri watu kujikinga pindi kinapofikia 3. Katika maeneo ya ikweta, kipimo hicho mara nyingi hupita 11 saa za adhuhuri mbingu zinapokuwa safi.

Baridi na mawingu huwahadaa wengi. Mawingu mepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, kwa hivyo mkazi wa Limuru au Nairobi anayeiacha krimu nyumbani mwezi wa Julai kwa sababu hahisi joto huwa amekosea. Joto na miale hiyo ni vitu viwili tofauti. Pwani nako, mchanga mkavu wa ufuoni hurudisha takriban asilimia 15 ya miale hiyo, na povu la bahari asilimia 25. Aketiye chini ya mwavuli bado huipata kutoka chini.

Miale inayofika ardhini ni ya aina mbili. Ile ya UVB ndiyo inayochoma ngozi na kuifanya iwashe. Ya UVA huzama ndani zaidi, hulegeza ngozi, huleta makunyanzi na huchochea madoa. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya UVB, lakini hupitisha UVA nyingi. Ndiyo maana dereva au abiria wa kila siku huathirika upande mmoja wa uso ingawa hakuwahi kuhisi kuungua.

Ngozi nyeusi pia yahitaji kinga

Wapo wanaodai kuwa mtu mweusi hahitaji krimu hii kwa kuwa ameumbiwa kinga yake. Dai hilo lina ukweli kiasi. Melanini, ile rangi ya asili iliyomo katika ngozi, huzuia sehemu ya miale. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1979 ulionyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lilikuwa na kinga ya wastani wa 13.4 dhidi ya UVB, ilhali la ngozi nyeupe lilikuwa na 3.4.

Hata hivyo, 13.4 ni chini ya krimu hafifu ya SPF 15, na ni wastani tu, maana weusi wa watu hutofautiana. Ni kweli kwamba saratani ya ngozi inayotokana na jua ni nadra miongoni mwa watu weusi. Kinachowasumbua zaidi ni madoa. Ngozi yenye melanini nyingi hujibu kila jeraha, liwe chunusi, mkwaruzo au kuungua, kwa kutoa rangi zaidi mahali hapo, na jua huikoleza rangi hiyo na kuizuia kufifia.

Isitoshe, si miale ya urujuanimno pekee inayoleta weusi huo. Mwaka wa 2010, watafiti wa Hospitali ya Henry Ford mjini Detroit, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba hata mwanga wa kawaida uonekanao kwa macho huitia ngozi nyeusi madoa yanayodumu, ilhali haukufanya hivyo kwa ngozi nyeupe. Jambo hili lina uzito katika kuchagua krimu, kama itakavyoelezwa baadaye.

Kwa watu wanaoishi na ualbino, kinga hii si suala la urembo bali ni la uhai. Wao hawana melanini ya kutosha, na saratani ya ngozi huwavamia wakiwa bado vijana. Serikali ya Kenya imekuwa ikiwapa krimu bila malipo kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Katika nchi jirani ya Tanzania, krimu iitwayo Kilisun hutengenezwa mjini Moshi kwa ajili yao. Hata hivyo, krimu pekee haiwatoshi. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli ni sehemu ya kinga yao ya kila siku.

Maana ya nambari

SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya UVB. Krimu ya SPF 15 ikipakwa ipasavyo huzuia takriban asilimia 93 ya miale hiyo, ya SPF 30 asilimia 97 na ya SPF 50 asilimia 98. Hakuna krimu inayozuia yote, na SPF 60 haikingi mara mbili ya SPF 30.

Nambari hizo hupatikana katika maabara kwa kupaka miligramu 2 za krimu kwenye kila sentimita mraba ya ngozi. Watu wengi nyumbani hupaka baina ya robo na nusu ya kiasi hicho. Anayejipaka tone moja la SPF 50 na kulisambaza uso mzima huenda akatoka nje na kinga ndogo kuliko jirani yake aliyejipaka SPF 30 kwa ukamilifu.

Kipimo rahisi ni vidole viwili. Krimu huminywa kwa mstari mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Kiasi hicho, ambacho hukaribia nusu ya kijiko cha chai, hutosha uso na shingo. Anayeona ni kingi mno kupakwa kwa mara moja anaweza kupaka mstari wa kwanza, akangoja ukauke, kisha akapaka wa pili. Masikio, kope na mpaka wa nywele ni sehemu zinazosahauliwa sana.

Kwa kuwa SPF haisemi lolote kuhusu UVA, mnunuzi anapaswa kutafuta chupa iliyoandikwa "Broad Spectrum", au herufi UVA ndani ya duara, au PA ikifuatwa na alama kadhaa za kujumlisha. Krimu ya SPF 30 au zaidi yenye mojawapo ya alama hizo hufaa matumizi ya kila siku.

Kosa la kutegemea faundesheni

Kipimo hichohicho ndicho kinachofichua udhaifu wa faundesheni na poda zenye SPF. Ili faundesheni ya SPF 15 itoe kinga hiyo, sharti ipakwe kwa wingi uleule wa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba. Hakuna ajipakaye faundesheni kwa wingi huo, kwani uso ungeonekana kama kinyago. Poda nayo hupakwa kwa uchache zaidi.

Vilevile, nambari hazijumlishwi. Anayepaka krimu ya SPF 30, faundesheni ya SPF 15 na poda ya SPF 15 hapati SPF 60. Anachoweza kukitegemea ni ile krimu ya kwanza, ikiwa ilipakwa kikamilifu. Vipodozi vya juu ni nyongeza.

Kosa jingine ni kuchanganya krimu na faundesheni kiganjani ili kuokoa muda. Krimu ya kukinga jua hutengenezwa ili ijitandaze na kuacha utando ulio sawasawa juu ya ngozi. Ikichanganywa na kitu kingine hupungua nguvu, na utando huo huwa na mianya ambayo jicho haliioni.

Mpangilio wa asubuhi

Kanuni ni nyepesi: krimu ya kukinga jua huwa ya mwisho katika utunzaji wa ngozi na ya kwanza kabla ya vipodozi.

Uso huoshwa kwanza kwa sabuni isiyo kali na kupanguswa kwa taulo safi. Anayetumia seramu, kwa mfano ya vitamini C, huipaka hapo. Kisha hufuata losheni ya kulainisha uso. Wenye ngozi ya mafuta wanaweza kuiruka hatua hii, maana krimu nyingi za kukinga jua zina ulainishaji wa kutosha.

Baada ya losheni kunyweka, krimu ya kukinga jua hupakwa kwa kipimo cha vidole viwili. Huwekwa vituo vituo kwenye paji, mashavu, pua, kidevu na shingo, kisha husambazwa kwa wepesi bila kusuguliwa kwa nguvu. Yafaa ifanyike takriban dakika 15 kabla ya kutoka nje. Muda huo waweza kutumiwa kuvaa au kunywa chai.

Krimu ikishakauka ndipo hufuata praima, faundesheni, poda, wanja na rangi ya mdomo. Faundesheni igongwegongwe kwa sponji badala ya kuburutwa kwa brashi, kwa kuwa mburuto huivuruga krimu iliyo chini. Midomo nayo huungua, hivyo mafuta ya mdomo yenye SPF hutangulia rangi.

Wengine hulalamika kwamba krimu hujiviringa na kutoa vijitonge kama uchafu wa kifutio. Aghalabu chanzo huwa ni tabaka nyingi zilizopakwa kwa pupa, au bidhaa mbili zisizopatana, kama vile moja yenye silikoni nyingi juu ya nyingine ya majimaji. Dawa yake ni kupunguza idadi ya vitu vinavyopakwa, kungoja kila kimoja kikauke, na kujaribu praima nyingine au kuiacha kabisa. Kupunguza krimu ya kukinga jua si suluhisho.

Kurudia bila kuharibu vipodozi

Maagizo ya chupa nyingi ni kurudia kila baada ya saa mbili mtu awapo nje, na mara tu baada ya kuogelea, kutokwa na jasho jingi au kujifuta uso. Hata krimu zinazostahimili maji hupimwa kwa dakika 40 au 80 pekee.

Anayeshinda ofisini mbali na dirisha hana haja ya kujipaka kila saa mbili. Yatosha arudie kabla ya kutoka mchana, na tena kabla ya safari ya jioni iwapo jua lingali kali.

Walio na vipodozi usoni huanza kwa kufyonza mafuta na jasho kwa karatasi ya shashi, bila kusugua. Kisha krimu nyepesi huwekwa kwenye sponji na kugongwagongwa usoni kidogo kidogo, au hutumiwa krimu iliyogandishwa kama kijiti. Faundesheni itasogea kiasi, na poda kidogo huirekebisha. Krimu za kupuliza na poda zenye SPF ni rahisi zaidi kutumia, lakini huacha kiasi kidogo mno, na yafaa zitumiwe pale tu ambapo mbadala ungekuwa kutorudia kabisa. Ya kupuliza isielekezwe usoni moja kwa moja, kwani huingia machoni na mapafuni. Hupulizwa kiganjani kwanza.

Kwa siku ya kushinda juani, kama vile harusi ya uwanjani, mkutano wa hadhara au safari ya ufuoni, ni busara kuacha faundesheni na kujipaka krimu yenye rangi, ambayo hurudiwa bila taabu.

Kuchagua inayofaa

Krimu hizi ni za makundi mawili makuu. Zipo zenye madini, yaani oksidi ya zinki au dioksidi ya titani, ambazo hupatana na ngozi nyepesi kudhurika na haziwashi macho sana. Kasoro yake ni weupe unaobaki usoni, jambo ambalo limewafanya Wakenya wengi kuzichukia. Kundi la pili ni la kemikali zinazonyonya miale. Hizo huwa nyepesi na haziachi weupe, ingawa baadhi huwasha macho jasho linapotiririka.

Kwa mwenye madoa, hususan yale yanayowapata wajawazito na wanaotumia dawa za kupanga uzazi zenye homoni, krimu bora ni ile iliyotiwa rangi kwa oksidi za chuma. Rangi hiyo ya kahawia huondoa weupe, na pia huzuia mwanga uonekanao ambao krimu za kawaida hushindwa kuuzuia. Hapa faundesheni nayo ina manufaa, kwa kuwa nyingi zina oksidi hizo. Kwa hivyo, krimu chini na faundesheni juu hukamilishana, mradi krimu isipunguzwe.

Mwenye chunusi atafute iliyoandikwa kuwa haizibi vitundu vya ngozi. Yeyote anayebadilisha krimu aijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku chache.

Dawa na krimu za kung'arisha

Baadhi ya dawa huifanya ngozi iungue upesi. Miongoni mwazo ni retinoidi zinazotumiwa kutibu chunusi na makunyanzi, asidi ya glaikoliki, na vidonge vya doksisaiklini. Retinoidi hupakwa usiku, na kila azitumiaye hana budi kupaka krimu ya kukinga jua asubuhi. Bila hivyo, atakuwa anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Hatari kubwa zaidi imo katika krimu za kujichubua. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini Kenya, lakini bado hupenya vichochoroni na mitandaoni. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila uangalizi wa daktari huweza kuutia uso weusi wa buluu na kijivu ambao ni vigumu mno kuuondoa. Isitoshe, anayejichubua huivunja kinga aliyozaliwa nayo, kisha huenda nayo kwenye jua lilelile lililomletea madoa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Madoa mengi hufifia polepole kwa miezi kadhaa uso ukikingwa kila siku. Yasiyofifia yaonyeshwe daktari wa ngozi, sawa na kidonda kisichopona au doa linalobadilika umbo na rangi.

Gharama na utunzaji

Anayefuata kipimo cha vidole viwili huimaliza chupa ya mililita 50 kwa muda wa kati ya wiki tatu na nne. Chupa ikidumu miezi sita, ni dalili kwamba mwenyewe anajipunja. Gharama hiyo si ndogo, na ndiyo sababu bei isiwe kigezo cha kwanza. Krimu ya bei nafuu inayopakwa ya kutosha hushinda ya kifahari inayopakwa kwa ubahili.

Asiyemudu aanze na vitu visivyoisha: kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, mtandio, na kutembea upande wa barabara wenye kivuli baina ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Krimu kidogo aliyo nayo aihifadhi kwa uso wakati wa saa hizo.

Kabla ya kununua, mtu aangalie tarehe ya kuharibika, alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) na iwapo kifuniko kimefunguliwa. Chupa isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto huharibu krimu. Iliyojitenga maji na mafuta au kubadilika harufu itupwe.

Usiku, krimu na vipodozi viondolewe vyote. Mafuta mepesi ya kusafishia uso hulegeza utando huo, kisha sabuni isiyo kali humalizia. Kuulalia uso mchafu huziba vitundu na kuleta chunusi, na lawama huishia kwa krimu isiyo na hatia.

Faida ya nidhamu hii imethibitishwa. Katika mji wa Nambour, Australia, zaidi ya watu 900 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2013. Walioagizwa kujipaka kila siku walionyesha dalili za kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliojipaka walipojisikia tu. Ingawa hao walikuwa watu weupe, fundisho linamhusu kila mmoja, awe karani wa ofisini, mwanabodaboda au mwanariadha wa Iten: kilichowatofautisha ni kuipaka krimu kila siku.